Mtambo wa Gesi Bila Ng'ombe

Cheka ukitaka, lakini Kagure aliuza ng'ombe wawili kati ya watatu ili ajenge mtambo unaokula mavi ya ng'ombe.

Alikuwa na sababu zake. Hoteli yake ya githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemshwa, pale Nanyuki ilimeza kuni mchana kutwa, na tangu sheria ya ukataji miti ikazwe, bei ya kuni ilimpa kizunguzungu. Ndipo ukaja mradi fulani: jenga mtambo wa baiogesi, gesi ya kupikia itokayo kwenye mavi, ulipe nusu ya gharama, nao walipe nusu siku mkaguzi wao atakapoona moto. Moto usipowaka kufikia mwisho wa mwezi uliofuata, deni lote ni lako. Kagure alisikia "nusu" tu. Ng'ombe wakaenda sokoni, shimo likachimbwa, na fundi Gikonyo alipofunga bomba la mwisho akauliza, "Sasa Mama Shiku, ng'ombe wako wapi?"

"Si huyu hapa?"

Gikonyo akamtazama ng'ombe, akalitazama shimo. "Huyu atajaza hii kitu Krismasi. Na si ya mwaka huu."

Kagure hakulala vizuri. Kulipokucha alivaa suti yake ya kanisani, akafunga elfu tatu za mwisho kwenye leso, akaenda kwa Mzee Gure, mchuuzi wa mifugo upande wa pili wa mji. Boma lake lililaza ng'ombe hamsini waliongoja wanunuzi, na mavi yalikuwa yamefika nusu ya ua. Kagure ni mzaliwa wa Endarasha, kwa wakulima, na kule mbolea ya boma huuzwa kwa pikapu na watu huigombania kama mpaka wa shamba. Akajua mzee atamkamua.

Na kwao mtu hasemi shida yake moja kwa moja. Aliuliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua, za bei ya madume. Mwishowe akasema, "Mzee, nimekuja juu ya hiyo mavi."

Uso wa Gure ukaanguka. Majirani walikuwa wamemshtaki mara mbili kwa harufu, akaonywa kwamba asiposafisha boma kufikia Ijumaa litafungwa. Na sasa huyu mama wa suti, bila shaka afisa wa afya! "Pole sana, mama. Alhamisi lori inakuja. Yote inaenda."

Kagure akaikamata leso. Mtu amemtangulia! "Yote? Ati yote? Na huyo mtu anakupatia ngapi?"

"Kunipatia? Mimi ndio nampatia. Elfu nane."

Endarasha, mwanamume anayelipa mbolea yake ibebwe angepelekwa hospitali na ndugu zake. "Mzee, usinichezee. Niko na elfu tatu. Najua ni kidogo."

"Elfu tatu ya nini?"

"Ya kununua mavi!"

Gure akageuka. "Bisharo! Bisharo, njoo usikie maneno!"

Mkewe akaja na chupa ya chai, akawasikiliza wote wawili, kisha akacheka mpaka machozi. "Huyu anataka kulipa aipate, wewe unalipa itoke. Na mmekaa hapa nusu saa mnaogopana!"

Kagure naye akacheka, kicheko cha mtu aliyefunguliwa kamba shingoni. Lakini Kagure ni Kagure. Aliifunga ile leso upya, akairudisha kifuani, akakohoa kidogo. "Basi hiyo lori ije kwangu. Na kwa sababu ya usumbufu, mzee, unaweza kunitolea elfu mbili."

"Wallahi, huyu mama!" Gure akasema, akashika kichwa. Akalipa elfu moja.

Lori lilikwenda mara tatu. Majirani waliziba pua, Kagure akakoroga mavi na maji huku akiimba. Wiki zikapita, na siku ya mwisho ya mwezi uliowekwa akaja mkaguzi, msichana mmoja anayeitwa Anita, na faili yake. Kagure akafungua koki, fundi Gikonyo akawasha kiberiti. Shhh, kisha kimya. "Ni hewa tu, ngoja itoke," Gikonyo akasema, akawasha kiberiti kingine.

Moto ukashika, wa buluu, hauna moshi hata chembe. Kagure akapiga ngemi tatu, vigelegele vya kumpokea mtoto wa kike. Alifurahi mpaka akamkumbatia Anita, faili na yote.

Gure na Bisharo walikuwa wamealikwa kwa chai ya kwanza. Mzee aliinama akautazama ule moto. "Miaka kumi na moja," akasema, "nimelipa watu waende kutupa hii." Kisha akamgeukia fundi. "Shimo kama hii ni ngapi?"

Furaha ikamkauka Kagure mdomoni. Mzee akijenga lake, yeye atabaki na nini? "Gikonyo, nyamaza! Mzee, kunywa kwanza."

Gure akamtazama, akaelewa, akaangua kicheko. "Usiogope. Gesi ya ng'ombe hamsini, mimi nitapikia nani? Lori itakuja kila Alhamisi. Lakini kuanzia leo mavi iko na bei: chai yangu hapa ni bure."

Kagure akapiga hesabu haraka haraka: kikombe kimoja, ng'ombe hamsini. Akamwongezea mzee sukari kabla hajaomba.