Jeshi la Sita Katika Machimbo ya Kayole

Udongo ulikuwa ukimwagika kutoka ukuta wa handaki, kidogokidogo, kwenye shingo ya Kweyu. Miaka kumi na miwili amechimba mashimo ya vyoo Kayole; ukuta unaotaka kuanguka aliujua.

"Mkubwa, tuweke mbao," alimwambia Mbuthia, msimamizi wa vibarua.

"Mbao zitaonekana kwenye filamu. Wewe ni fundi wa choo. Vita waachie wenyewe."

Vibarua arobaini walikuwa wamevalishwa makoti mazito, wakapewa bunduki za mbao. Leo walikuwa Waafrika wa Jeshi la Sita la Wafaransa, mwaka 1917, waliotangulizwa kwenye risasi za Wajerumani. Sheria ilikuwa moja: baruti ikilipuka, lala ufe. Atakayeinua kichwa, kesho asirudi.

"Kitendawili!" alinong'ona Andati, kaka wa mke wa Kweyu.

"Tega, shemeji."

"Maiti wangu wanapanga foleni wale githeri."

"Si ni sisi!"

Bado wanacheka, baruti ikalipuka. Kweyu akalala kifudifudi. Nyuma yake udongo ukaporomoka, puu, kama gunia.

"Shemeji! Nitoe, shemeji!"

Hakuna aliyetikisika. Andati alikuwa mtu wa vituko, walidhani anaigiza. Kweyu alijua si mchezo. Hata hivyo alihema mara tatu kabla ya kuinua kichwa.

"Lala chini!" Mbuthia alibweka. "Kamera inaenda!"

Makoleo yalikuwa yamefichwa nyuma ya lori. Kweyu alichimba kwa bunduki ikavunjika, akachimba kwa mikono mpaka kucha zikang'oka. Wenzake wakaja mbio. Walipoufikia uso wa Andati, kinywa kilikuwa kimeshindiliwa udongo hadi kooni, na kifua kimebonyea kama debe lililokanyagwa.

"Tutasema alikuwa amelewa," Mbuthia alisema polepole. "Wewe ndiye shahidi."

"Andati hajawahi kuonja pombe."

"Nenda ukaseme hivyo. Tuone nani atakuita kazi tena."

Kweyu akaelekea kwenye hema la turubai kando ya machimbo, vidole vikichuruzika damu, akamwambie mzungu mwenye filamu. Mzungu hakugeuka. Alikuwa ameinamia kioo kidogo cha kamera, akirudisha picha nyuma. Ndani yake udongo ulipanda, ukarudi ukutani, na Andati akainuka mzima, meno nje.

Mzungu akabonyeza kitufe. Andati akafukiwa.

"Nzuri sana," alisema, kwa Kiswahili cha kujifunza, akamwinua tena.