Dereva Wako Amesema Nini?

Seminari ilimrudisha Privatus nyumbani Ngara akiwa na miaka miwili ya falsafa, koti moja na lugha tano. Sababu ya kurudishwa aliijua yeye, padre gombera mkuu wa seminari, na yule mbuzi aliyevishwa kanzu. Mama yake, Melania, hakuuliza habari za mbuzi. Alimpa jembe.

Mwaka ulikuwa tisini na tano. Wakimbizi wa Rwanda walijaa kambi ya Benaco mpaka vilima vikabaki na vipara, na mashirika yalikuwa mengi hata bendera zao zikaanza kufanana. Kila Mzungu alihitaji mtu wa kumwambia watu wanasema nini. Privatus alijua kabisa kwamba mtu huyo ni yeye. Shida ni kwamba Wazungu hawakuwa na habari hiyo.

Aliandika barua, zikaishia kwa walinzi wa getini, wakawashia moto wa asubuhi. Akakata maboksi ya biskuti za msaada, akatengeneza kadi mia moja: PRIVATUS, MTAFSIRI. Akazigawa sokoni. Kesho yake watu hamsini walipanga foleni nyumbani kwa Melania, kadi mkononi, wakidai biskuti.

Hapo mama akafika mwisho wa uvumilivu. Akatuma salamu Runazi kwa kaka yake, Desderius, ambaye ngedere walikuwa wanamaliza mahindi yake. Jibu likarudi na kondakta wa basi: "Jumamosi ijayo nakuja kumchukua. Atakaa juu ya kichuguu na debe, apige kelele kutwa."

"Falsafa yote ile, mama, nikawapigie ngedere debe?"

"Hao angalau watakusikiliza," Melania akasema.

Zilibaki siku tisa. Privatus akazihamishia kwenye mgahawa wa Mwanaisha, pale barabara inapomalizia kupanda kuingia mjini. Mwanaisha alikuwa mtu wa Biharamulo, ukoo wa wafanyabiashara waliotoka pwani tangu enzi za Mjerumani, na alimvumilia kwa sababu alimchekesha. Akiwa pale, chai ya kukopea mkononi, Privatus akaona kitu. Mtu anasukuma baiskeli yenye mikungu sita ya ndizi, anapanda mlima kama anabeba msiba. Nyuma yake gari la shirika, haliwezi kupita. Na ndani ya gari Mzungu, dakika kumi nzima, hana cha kutazama ila kile kipande cha mpira kinachoning'inia kwenye madigadi ya nyuma.

Akaenda parokiani, akaomba rangi nyeupe iliyobaki baada ya kupaka kanisa. Akawachorea wasukuma ndizi kumi na wawili maneno kwenye mipira hiyo, bure. Hakuna aliyeuliza maneno yanasema nini. Yalikuwa ya Kiingereza na Kifaransa, yanang'aa, basi inatosha. Yalisema: DEREVA WAKO AMESEMA NINI JUU YAKO? MUULIZE PRIVATUS. KWA MWANAISHA, NGARA.

Siku ya tatu akaja mteja. Hakuwa Mzungu. Alikuwa Abbasi, dereva wa shirika moja la maji, mdogo wake Mwanaisha, na mikono yake ilikuwa mipana kama sinia.

"Privatus ni nani?"

"Ametoka," Privatus akasema.

"Ndiye huyo," Mwanaisha akasema, akigeuza chapati.

"Wewe! Siku mbili bosi wangu haongei na mimi. Nikicheka, ananiuliza nacheka nini. Nikipiga chafya, anaandika!"

"Basi tangazo linafanya kazi, kaka."

Abbasi akamkunja koti, akamwinua.

"Abbasi, si humu," Mwanaisha akamwambia. "Nina mchuzi jikoni. Mpigie nje."

Kabla hawajafika nje, mlango ukazibwa na mwanamke mrefu, pua nyekundu kwa jua. Ndiye bosi mwenyewe, Mama Greta. Alimtazama Privatus aliyekuwa ananing'inia, akauliza kwa Kifaransa kama yeye ndiye wa kwenye baiskeli. Privatus akakiri kutoka huko juu.

Kisa cha Mama Greta kilikuwa hiki. Kuna kijiji bondeni, njia ya Rulenge, ambako shirika lilitaka kuchimba kisima. Mara tatu walikutana na wazee. Mara tatu Abbasi alitafsiri kwamba wazee wamekubali. Na kila mafundi walipofika, walikuta pale pa kuchimba pamepandwa maharage.

"Jumamosi tunarudi," Mama Greta akasema, sasa kwa Kiingereza. "Nionyeshe kosa liko wapi, kazi unayo."

"Na asipoliona?" Abbasi akauliza, maana Kiingereza alikielewa.

"Asipoliona, nina ngedere wananisubiri," Privatus akasema.

Jumamosi wakateremka bondeni. Mzee Anatoli aliwapokea chini ya upenu wa nyumba yake, wazee wengine wamekaa kwenye mabenchi. Shikamoo zikaenda, marahaba zikarudi. Kisha akasema kwa Kihangaza, taratibu, kwamba maji ni uhai, nani atayakataa, mahali wamepaona, na wao wazee hawana neno.

Abbasi alishamnong'oneza bosi wake kabla Privatus hajafungua mdomo. Na alitafsiri vizuri. Hakuacha hata salamu.

Privatus alikuwa ametandaza uongo juu ya baiskeli kumi na mbili, na hapa mwenye kusingiziwa alikuwa mkweli kuliko katekista. Basi la mjomba lilikuwa limeshafika mjini.

Zikaletwa Fanta, moja kwa kila mtu.

"Unaona heshima hiyo?" Abbasi akamtupia kijembe. "Mara zote nne. Wanajua mimi Mwislamu, hawajaweka pombe mbele yangu hata tone."

Privatus akaishusha chupa. Yeye alizaliwa kwa Wahangaza. Nyumbani kwao hata ugomvi wa kuku haujaisha mpaka chungu cha pombe ya ndizi kiwekwe katikati na mirija yake, watu wanywe pamoja, wawe mashahidi. Akageuza shingo huku na huku. Akanusa. Hakuna.

"Mzee," akasema, "chungu kiko wapi?"

Mzee Anatoli akatabasamu polepole.

"Chungu cha nini, mwanangu? Jambo limeisha?"

"Si umesema hamna neno?"

"Sisi hatuna. Mwenye shamba je?" Akaonyesha kwa kidevu. Nyuma kabisa, mama mmoja alikuwa anapukuchua maharage kwenye ungo. "Yule Domisiana, mjane. Shamba lake."

"Mbona hamkusema?"

"Mgeni kaja na gari, nimkatalie mbele za watu? Tumempa soda. Mwenye macho angeona."

Domisiana hakuinua kichwa. "Mara tatu wamekuja. Wamesalimia mwenyekiti, wamesalimia wazee, wamesalimia mpaka mbwa. Mimi wamenipita wakikanyaga matuta yangu. Nikapanda."

Privatus akatafsiri yote, mpaka mbwa. Mama Greta akawa mwekundu hata sehemu ambazo jua halikuzifikia. Akaenda nyuma, akapiga goti, akasema shikamoo. Domisiana akamwacha pale chini kidogo, kwa deni la zile mara tatu, ndipo akaitika. Alitaka wasogee hatua kumi, karibu na mgomba uliokauka. Fundi akapima, akasema hata huko maji yapo.

Chungu kikaja. Mama Greta akavuta mrija mpaka mashavu yakaingia ndani. Abbasi akachukua Fanta yake, akaenda kukaa kwenye gari.

"Kwa hiyo alikuwa ananidanganya?" Mama Greta akauliza.

Neno moja tu, na tangazo lingekuwa kweli. Privatus akatazama gari.

"Hapana. Kila neno alilokwambia lilikuwa sahihi. Mwongo ni mimi."

Mama Greta akafikiri. "Jumatatu saa moja gari litakupitia. Kama dereva atakubali kukupakia."

Mjini walimkuta mjomba Desderius kwa Mwanaisha, kofia kichwani, tiketi mbili mkononi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Twende, basi linageuza."

"Hatoki mtu hapa," Abbasi akasema, akivuta kiti. "Aniombe radhi kwanza. Mbele ya watu. Kwa lugha zote anazozitangaza."

Mgahawa mzima ukageuka. Privatus akaanza na Kiswahili, na Mwanaisha akamrudisha mwanzo, akisema amelegea. Akaja na Kihangaza, wasukuma ndizi wakapiga makofi. Kiingereza, Kifaransa. Ya tano ilikuwa Kilatini. Akafumba macho, akaitoa kama padre anayeungama misani: mea culpa, mea culpa, mea maxima culpa, kosa langu kubwa mno.

Mjomba Desderius alishavua kofia. Alijipiga kifua mara tatu, akainama, na alipoinuka alimtazama mpwa wake kwa woga.

"Huyu Melania anataka nimweke juu ya kichuguu?" akasema. "Mimi nitapata laana." Akairudisha tiketi moja kwa kondakta, akapanda basi peke yake.

Abbasi akanywa chai yake mpaka mwisho.

"Hicho Kifaransa sikukisikia vizuri," akasema. "Rudia."