Upande wa Wanaume

Arobaini ya mama ilipopita, nilianza kuingiza kwenye kompyuta kanda ya harusi ya mama mdogo, kanda pekee ya siku ambayo mama alikuwepo. Picha ilitetemeka, imejaa chengachenga. Nikasafisha deki kwa spiriti, nikabadilisha waya. Sauti niliizima, maana ilinguruma ikanikera. Siku ya tatu picha ikatulia. Wanaume wa mtaa wa Kibuli wanakula pilau. Mwanamke hata mmoja hakuna.

“Rumaisa, wanawake si walikuwa nyuma ya pazia?” kaka yangu Shafiq akasema. “Kamera ingeingiaje huko?”

Nilijua hilo tangu utotoni. Nikafungua sauti. Ndani ya ule mngurumo, mama alikuwa ananiita nije kula.