Ushuru wa Mlangoni

Mwalimu alipofika darasani kwake asubuhi ile, alimkuta fundi rangi amechuchumaa mlangoni, brashi mkononi, ulimi umechungulia pembeni ya mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Mlango wenyewe ulikuwa mpya, wa chuma, na juu yake herufi nyekundu zilikuwa bado mbichi: HAPA HATOKI MTU BILA SENTENSI.

"Taratibu, mzee," fundi akamwambia bila kugeuka. "Usiguse, haijakauka."

"Nani kakutuma?"

"Mama mwenyewe. Kasema ndiyo falsafa ya mwalimu wa humu. Unamjua?"

"Namjua kidogo," mwalimu akasema, akapita kiubavu, na bega la koti lake likaulamba mkia wa herufi ya mwisho.

Mama mwenyewe alikuwa mwenye shule, na alikuwa shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe. Zamani, mwalimu na mkewe walipofika pale na mtoto mgongoni na sanduku lililofungwa kwa kamba, ni yeye aliyewapa chumba na sahani. Kisha akampa mume wa mdogo wake darasa, na nyumba ndogo nyuma ya jiko la shule. Mkono uliokutoa kwenye tope ni vigumu kuuambia kwamba unakubana.

Falsafa hiyo iliyokuwa inapakwa rangi, yeye hakuwahi kuiita falsafa. Aliiita ushuru. Lugha ya kigeni aliyoifundisha aliiokota njiani kabla ya kuikuta vitabuni. Alikuwa utingo wa malori, akaosha vyombo kwenye majiko ya watu, akalinda mageti, na kote huko aligundua jambo moja: neno linaingia siku unayolihitaji. Kitabu kilimfundisha kusema kalamu iko juu ya meza. Mengine yote alifundishwa na njaa. Basi akaweka sheria. Kipindi kikiisha, yeye anasimama mlangoni, na kila mwanafunzi anayetaka kutoka analipa sentensi moja kwa lugha ile. Iwe yake, isiwe ya kitabuni. Iwe mpya, isiyowahi kulipwa. Na iwe ya kweli. Ulimi ukiteleza hajali. "Kosa halimfungi mtu," alizoea kuwaambia. "Kinachomfunga ni uongo." Mwenye sentensi ya uongo alirudi dawatini akafikiri upya.

Wanafunzi walimbatiza jina la Bawabu. Walimlaani wakiwa na njaa na kumpenda wakishakua. Wapo waliorudi na watoto wao mikononi kumwambia sentensi ambayo hawakuthubutu kuisema siku zile.

Lakini Bawabu alikuwa amechoka. Uchovu huu haukuwa ule wa kulala ukaamka nao umekwisha. Alikuwa akisimama pale mlangoni akiwaona watoto wanatoka mmoja mmoja, na kila anayetoka ni kama amechukua hewa kidogo ya chumba. Mkewe alishatangulia kwa binti yao, mji mwingine, kulea mjukuu, na makubaliano yalikuwa kwamba mume amuage dada mtu kisha afuate. Kila jioni simu ililia.

"Umemwambia?"

Mwezi uliopita, kwa aibu ya kusema bado, bado, bado, alijibu: "Nimemwambia. Anatafuta mtu wa kushika darasa."

Hakuwa amemwambia. Alichokifanya ni kuhama kichinichini. Kila siku alitoka na kitu kimoja ndani ya mkoba: leo kamusi, kesho picha ya ukutani, keshokutwa kikombe. Kabati la darasani lilibaki limefungwa vizuri, na ndani yake hakuna hata chaki. Mtu mzima, anaiba vitu vyake mwenyewe.

Asubuhi hiyo alikuwa ameapa. Akaenda ofisini moja kwa moja, koti na rangi yake.

"Shemeji, nina neno."

"Na mimi ninayo mengi, kaa!" Mama mwenyewe alikuwa anapiga mihuri, anakunywa chai na kumfokea mpishi dirishani, yote kwa pamoja. "Umeuona mlango? Usiniambie asante. Wageni wanakuja leo, walimu wa lugha watupu, kutoka shule tatu. Wataketi darasani kwako waone unavyofanya. Wakimaliza, ninatangaza: wewe ndiye mkufunzi. Watakuwa wanakuja hapa kusoma kwako, miaka na miaka."

"Shemeji, ndiyo hilo nilitaka..."

"Usijali kuhusu umri. Mwalimu hazeeki, anakolea kama maharage kiporo." Akacheka, kisha akaona bega lake. "Na hilo koti! Mtu mzima unajipaka rangi kama mtoto wa chekechea. Livue. Haya, ulikuwa na neno gani?"

Mwalimu alimtazama. Miguu ya mama huyu ilikuwa imevimba juu ya viatu, na pembeni ya muhuri palikuwa na dawa zake za presha, moja ameimeza nusu na nusu ameisahau.

"Nilitaka kuuliza wageni wangapi," akasema.

Alitoka mle ofisini akijisikia kama mtu aliyefunga kufuli kisha akaumeza ufunguo.

Wageni walikuwa saba. Wakapangwa nyuma ya darasa kwenye viti vya plastiki, Mama mwenyewe katikati yao, kilemba cha sikukuu kichwani. Yeye lugha ile hakuijua hata ya kuombea maji. Shule aliijenga kwa jasho na kelele, lugha aliwaachia wenyewe. Mwalimu akafundisha. Alifundisha vizuri, maana mwili ulishazoea kazi hata moyo ukiwa haupo, kama punda ajuaye njia ya kisimani. Mara kwa mara macho yake yalikwenda dirishani, yakakaa huko, akayarudisha.

Kengele ikalia. Akaenda kusimama mlangoni. Foleni ikajipanga.

"Dada yangu anakoroma," akasema wa kwanza, kwa lugha ile.

"Kweli?"

"Njoo usiku usikie." Wageni wakacheka. Akapita.

"Nimesema uongo kwa mama kuhusu sukari."

"Pita. Na umwambie."

"Nimependa viatu vya mgeni yule wa mwisho."

"Pita wewe, usitutie aibu."

Ikafika zamu ya Kufuli. Huyu alikuwa binti mwembamba wa dawati la kando ya kabati. Wenzake walimwita hivyo kwa sababu maneno kwake yalitoka kwa bei. Tangu mwaka uanze alilipa ushuru kwa hali ya hewa. Leo kuna upepo. Leo kuna wingu moja. Leo wingu halipo. Zote mpya, zote za kweli, na mwalimu hakuwa na la kumfanya. Alishamwambia mara moja, "Binti yangu, siku mvua itakapokatika na jua likakatika, utasema nini?" Kufuli akatabasamu tu, na jioni mwalimu akamsimulia mkewe kwenye simu habari za huyo mlipa upepo.

Sasa alisimama mbele yake, mkoba kifuani, akamtazama usoni. Kisha akasema kwa lugha ile, polepole, bila kuteleza hata mahali pamoja:

"Mwalimu hataki kuwa hapa tena."

Viti vya plastiki vikaacha kulia. Wageni saba walikuwa wameelewa. Mmoja alianza kuandika, akaacha. Mama mwenyewe peke yake ndiye aliyekuwa bado anatabasamu, akigeuka huku na huku kama mtu aliyechelewa kwenye kichekesho.

"Mbona kimya?" akaita. "Shemeji, mtoto kasema nini?"

Nyuma yake mlango wa chuma, mbele yake mtoto wa watu.

"Amesema leo kuna upepo," akajibu.

"Ah! Ni kweli," Mama mwenyewe akasema. "Unavuma tangu asubuhi."

Ilikuwa imekwisha. Angeweza kusogea, binti akapita, tangazo likatolewa, na yeye akaitwa mkufunzi mpaka siku ya kufa. Akasogea. Lakini Kufuli hakupita. Aligeuka, akarudi, akaketi dawatini kwake, akaweka mkoba juu ya meza.

"Wewe, twende basi!" akanong'ona mwenzake wa kwenye foleni. "Tuna njaa."

"Siwezi," Kufuli akasema, safari hii kwa lugha ya nyumbani, ya kila mtu. "Nilichosema mimi sicho alichosema mwalimu. Sentensi ya uongo inarudi dawatini. Kama nimesema kuna upepo, upepo nilishaulipa zamani. Sijalipa."

"Mtoto, una adabu?" Mama mwenyewe akainuka.

"Adabu anayo," mwalimu akasema. Sauti ilimtoka ndogo, akaikohoa, akaianza tena. "Umejuaje, binti?"

Kufuli alinyoosha mkono bila kuinuka, akavuta mlango wa kabati. Ukafunguka kwa mlio mrefu. Mbao tupu, na vumbi lenye alama za vitabu vilivyokuwepo.

"Kila siku kitu kimoja," akasema. "Nilidhani siku moja utatuambia. Unatukalisha humu mpaka tuseme kweli, mwalimu."

Mwalimu aliangalia lile kabati kama vile ni mtu mwingine aliyelikomba. Kisha akamgeukia shemeji yake.

"Amesema sitaki kuwa hapa tena. Ni kweli. Pita, binti yangu. Piteni wote, leo nimelipa mimi."

Watoto hawakusubiri kuambiwa mara mbili. Wageni nao walikusanya mikoba yao kwa adabu kubwa, wakitazama sakafu, wakasema chai inawangoja. Darasa likabaki na wawili.

Mama mwenyewe alikaa kwenye kiti cha mtoto, magoti juu.

"Tangu lini?"

"Siku nyingi."

"Na ulikuwa unangoja mtoto wa watu akusemee?"

"Kila nikija, unaongea wewe."

"Naongea kwa sababu hujibu! Nikadhani umeridhika. Mtu akinyamaza nitajuaje?" Akafuta uso kwa ncha ya kilemba. "Na mdogo wangu anajua?"

"Anajua. Anadhani hata wewe unajua."

Mama mwenyewe akacheka kicheko kikavu cha pumzi moja. "Bawabu, wewe! Umetudanganya ukoo mzima." Akainuka kwa tabu, akaelekea mlangoni. Mwalimu alikuwa bado amesimama palepale, kwa mazoea tu.

"Nipishe."

Hakujua kwa nini alisema. Midomo ilijisemea. "Sentensi, shemeji."

Alitarajia kofi. Mama huyu alisimama mbele yake, akatazama herufi za mlango zilizolambwa mkia, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alikaa muda bila kusema neno.

"Naogopa kubaki na shule hii peke yangu," akasema mwishowe.

Na hapo mwalimu akausikia mtego ukijifunga upya, taratibu, kwa upole, bila kelele, maana lile lilikuwa neno la kweli kuliko yote aliyopewa mlangoni pale, na kila mfupa wake ulitaka kujibu: basi, nitakaa mwaka mmoja tu. Neno lilishafika kwenye meno.

"Ni ya kweli," akasema. "Pita, shemeji."

Akasogea. Mama mwenyewe akapita, kilemba kikigusa rangi, wala hakugeuka.

Mwalimu alikaa kwenye dawati la Kufuli, akapiga simu.

"Nimemwambia," akasema mkewe alipopokea.

Huko ng'ambo mjukuu alikuwa anagonga sufuria.

"Baba," mkewe akasema polepole, "si uliniambia ulishamwambia mwezi uliopita?"

"Ule ulikuwa uongo."

"Ahaa. Na anayesema uongo kule kwako anakwenda wapi?"

Mwalimu alitazama meza iliyochorwa majina ya watoto, mlango wazi, uwanja mtupu.

"Dawatini," akasema.

"Basi kaa hapohapo. Nasubiri. Usiniletee habari za upepo."

Akakaa, simu sikioni, akianza kuitafuta sentensi yake.