Unga wa Koridoni

...na huu hapa mstari wa mkia, mwembamba kama uzi, na vinyayo vidogo huku na huku, kumbe jirani yangu fundi cherehani hakutia chumvi, nyunyiza unga kidogo koridoni kabla hujalala, alisema, usimwambie mtu watakukanyagia, asubuhi panya mwenyewe atakuonyesha anakopita, na kweli, ametoka nyuma ya kabati, amefuata ukuta, mwizi mkubwa we, nitakuziba na hapo... "Shemeji, umempata panya wako?" mdogo wa mume wangu ananiuliza kutoka jikoni, kijiko chake kinagonga kikombe, "Bado," namjibu, nimepiga magoti na ufagio mkononi, na hapa katikati unga umekandamizwa, hapa siyo panya, hapa ni mguu wa mtu... wangu? hapana, ndiyo kwanza natoka chumbani, binti yangu hajaamka na mguu wake ni mdogo, baba yake yuko safarini na lori tangu juzi, na huu ni mguu mkubwa, mtupu, vidole vinne. Vinne. Cha tano kilibaki kwenye msumeno wa karakana, anavyopenda kutusimulia, shemeji seremala huyu anayekoroga chai jikoni, tunacheka mpaka mbavu zinauma... labda alikuja chooni, lakini choo kiko uani, karibu na chumba chake, huku koridoni alikuwa anafuata nini, tena gizani, maana balbu imeungua wiki ya pili na ni yeye aliyesema niache, atabadilisha... nyayo zimetoka jikoni, zimepita mlango wangu, zimesimama mlangoni kwa binti yangu, vidole vimeelekea mlango, na hapo unga umechafuka, mtu amesimama muda mrefu akibadilisha mguu, kisha amerudi alikotoka. Mama, nitilie komeo, panya wananisumbua, aliniambia hivyo akiwa anaosha vyombo, nami nikacheka, panya gani anashika kitasa, mwanangu? akaniangalia, akainamisha macho, akaendelea kuosha sahani ambayo ilikuwa safi tayari... komeo nikanunua, nikampa nani? nikampa yeye, si ndiye seremala wa nyumba, kesho, shemeji, bisibisi nimeiacha karakana, wiki ya tatu hii, na ni mtu huyu huyu aliyeziba matundu yote kwa saruji nusu siku, akaweka wavu madirishani, akapigilia ubao chini ya mlango wa nyuma, nikamsifu kwa majirani, shemeji yangu hana mfano, kumbe ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nimeziba nyumba nzima na yeye nimemfungia ndani... na lile sanduku lake la nguo, mtoto analiburuta kila jioni mpaka mlangoni, nami namgombeza, unanikwaruzia sakafu, panya gani hao, lirudishe mahali pake! na alikuwa akilirudisha, Mungu wangu, nikisimama pale alikuwa akilirudisha... "Acha, shemeji, nitafagia mimi," kiti kinasogea jikoni, "Kunywa chai yako," nasema, sauti inatoka ya kawaida, sijui imetoka wapi, "ipo nyingine kwenye chupa," kiti kinatulia, kijiko kinaanza tena, na mimi ufagio nimeulaza chini taratibu, unga huu haufagiwi, baba yake anafika mchana, atauona kwa macho yake, na hadi afike sitoki kwenye mlango huu hata nyumba ishike moto... ndani kitanda kinalia, amesikia, anakuja mlangoni kwa miguu mitupu, anasimama. "Mama, ni wewe?" Kila asubuhi ananiuliza hivyo, kila asubuhi namjibu kwa ukali, nani mwingine, kwani? na leo nasogeza mdomo karibu na ubao wa mlango, "Ni mimi," namwambia, "ni mimi peke yangu."