Picha Hewa ya Bibi Irambona

Leodgar alikuwa mpiga picha wa watu kwa sababu moja tu: ndege hawaji studio. Chumba chake cha Kasingirima, chenye kiti kimoja na kitambaa cha bluu ukutani, kilimlisha kwa picha za vitambulisho na za kipaimara. Moyo wake ulikuwa ziwani. Mkanda wa kamera ulikuwa wa picha thelathini na sita, na haukupelekwa Dar es Salaam kusafishwa mpaka uishe. Basi wateja wakipungua, yeye huteremka ufukweni kuumalizia: mnandi wakianika mabawa, mdiria akipepea juu ya maji bila kusogea, kaa mlangoni pa shimo lake, na siku ya bahati, fisi maji. Jirani yake Rozalia, muuza dagaa, hakumung'unya maneno. Alisema mwanamume mzima anayepiga picha kaa anahitaji kuombewa.

Alikuwa pia na mazoea mabaya, ya wapiga picha wengi wa mwambao ule. Watoto wakimzonga wakitaka kupigwa, na mkanda umekwisha, aliwapigia picha hewa. Kidole kinabonyeza, kamera inalia kacha, watoto wanatawanyika na furaha yao. Nani kaumia?

Mwezi wa kumi mwaka wa tisini na saba, boti zilikuwa zikishusha wakimbizi wa vita kutoka nchi jirani karibu kila siku. Asubuhi moja Révérienne aliingia studio akimshika mkono mama yake, Bibi Irambona wa Rumonge, aliyekohoa kila hatua ya tatu.

"Kaka, nataka picha ya mama," alisema Révérienne. "Zetu zote ziliungua na nyumba. Na malori ya kutupeleka kambini Kasulu yanakuja, kesho au kesho kutwa. Unamsikia kifua chake? Ndiyo maana nataka leo."

"Shikamoo, bibi," alisema Leodgar, akivuta kiti.

"Marahaba, mwana wanje," alijibu bibi, akimwita mwanangu kwa lugha ya kwao. "Lakini mimi sipigwi mbele ya shuka. Ziwa si lipo?"

Leodgar alitamani kumkumbatia. Walishuka pole pole, na njiani, Mungu amsamehe, hakuweza kujizuia: mnandi mmoja, mnandi wa pili, yangeyange juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Walipofika kwenye mawe, kamera ilikuwa imebakiza picha moja. Moja yatosha, alijiambia, mtu mwenyewe ni mmoja.

Alimkalisha bibi juu ya jiwe, miguu majini, uso ukielekea ziwa. Alimwomba Révérienne asimame nyuma kabisa, mchangani, kivuli chake kisiingie. Yeye mwenyewe akakunja suruali, akaingia hadi mapajani, akageuka kumtazama bibi.

Siku ile ziwa lilikuwa limelala. Hakukuwa na upepo wala wimbi, na milima ya ng'ambo ilikuwa imeyeyuka katika ukungu, hata usingeweza kusema maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Leodgar alisikia masikio yake yakitulia. Alikuwa ameinua kamera bibi aliponong'ona.

"Usitikisike. Uko nao miguuni. Urabona, unawaona?"

Akatazama chini. Kuhe wawili, samaki wakubwa, wa rangi ya dhahabu iliyofifia, walikuwa wakizunguka polepole kati yake na jiwe, na katikati yao wingu la watoto, mamia, kila mmoja mwembamba kama uzi.

"Kuhe akilea hali kitu," alisema bibi. "Analinda tu, mpaka anakwisha mwenyewe."

Miaka tisa Leodgar alikuwa akiwatafuta hivi, karibu hivi, katika maji safi hivi. Hakuamua, au baadaye alipenda kusema hakuamua. Lenzi iliinama yenyewe. Kacha.

Alipovuta mkanda, ukagoma. Ulikuwa umekwisha.

Bibi Irambona aliinua kichwa. Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, akanyoosha mabega, akatulia, akamtazama. Alikuwa tayari. Leodgar alijifanya anafuta lenzi, kumbe anaurudisha mkanda ndani ya kopo lake, kisha akampigia yule mama picha hewa.

"Tayari, bibi."

"Urakoze, mwana wanje," alishukuru bibi.

Aibu ilimpanda hadi masikioni. Akajituliza: kesho asubuhi nitakwenda kwenye kituo cha wakimbizi na mkanda mpya, nimpige tena, nisingizie jua. Na kweli alikwenda, mkanda mpya mfukoni. Malori yalikuwa yameondoka alfajiri. Nitawafuata Kasulu, alisema, na aliendelea kusema hivyo wiki baada ya wiki.

Picha zilirudi kwa treni. Ile ya kuhe ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Aliitundika ukutani, na kila alipoitazama alihisi amesimama tena majini, masikio yametulia, na kila mara aligeuza macho kabla furaha ile haijakolea.

Révérienne alikuja Desemba, na kibali cha kutoka kambini siku moja. Alikuwa peke yake.

"Tumemzika Jumanne," alisema. "Nimefuata picha."

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Mkanda umeungua na mwanga, dada. Kila mpiga picha amewahi kuusema, na mikanda huungua kweli. Angelia kidogo, angeondoka, yangekwisha. Leodgar aliumeza. Akamwambia yote, kuhe, picha ya mwisho na kacha ya bure, huku akitazama sakafu.

Révérienne aliisogelea picha ya ukutani.

"Mimi nilikuwa nyuma yake," alisema. "Niliona mgongo. Uso wake siku ile uliuona wewe peke yako. Basi niambie. Alikuwaje? Alicheka?"

Leodgar angeweza kumwambia kwamba kuhe jike alikuwa na pezi lililochanika upande wa kushoto. Angeweza kumwambia watoto waligeuka wote kwa pamoja, na kwa upande gani. Uso wa Bibi Irambona hakuwa nao. Alikuwa ameutazama kwa lengo moja tu, kujua kama ameshtukiwa.

"Sijui," alisema. "Nisamehe. Sikumwangalia."

Révérienne alilia kwa sauti, hata Rozalia akachungulia dirishani, akarudi kwenye dagaa wake. Kisha Révérienne akajifuta kwa kiganja, akakivuta kiti cha wateja mbele ya kitambaa cha bluu.

"Kaa."

Leodgar akakaa.

"Nyumbani tulikuwa wengi tunaomjua. Sasa nimebaki mimi. Nikifa mimi, awepo mwingine anayemjua." Akamsogelea, akaweka kidole chake juu ya nyusi ya Leodgar. "Hapa," alisema, "alikuwa na kovu."