Mvumo Chini ya Dirisha la Wilf

Rowland Hebblewhite alikuwa fundi plasta kwa miaka thelathini na minne. Miaka yote hiyo alilainisha kuta za watu wengine, huku yeye na mkewe Glenys wakiishi katika nyumba ya kupanga yenye unyevu hata mwezi wa Julai. Kwa hiyo mzee Wilf Lockwood alipomwambia kwamba magoti yake hayawezi tena kulima ile bustani ya mboga, na kama anataka kiwanja waelewane, Rowland alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyeona mwezi.

Kiwanja kilikuwa kizuri kwa macho na kigumu kwa jembe. Kijiji cha Hawkrigg kimekaa juu ya mwamba, na udongo wake ni blanketi jembamba tu. Rowland na Glenys walihamia kwenye karavani, kijumba cha magurudumu, pembeni ya kiwanja wakisema ni miezi kumi. Ikawa miaka miwili na ushee. Madirisha yaliletwa yakiwa mafupi kwa vidole vitatu, yakarudishwa, yakaletwa tena yakiwa marefu. Fundi wa paa aliacha kazi nusu akafuata kazi kubwa mjini Leeds. Kila alichoshika Rowland kilikuwa na mkaguzi wake: wa msingi huyu, wa mitaro yule, wa umeme mwingine, na kila mmoja alikuja siku ya mvua akaondoka na neno. Glenys alianza kukohoa majira ya baridi ya kwanza ndani ya karavani, na kikohozi hicho hakikumtoka kabisa.

Wilf na mkewe Hester walikuwa majirani wa kuombewa dua. Maji ya kuchanganyia saruji yalitoka kwenye bomba lao, na siku za barafu Hester alipitisha birika la chai juu ya uzio. Wilf alikuwa fundi saa. Jioni alitoka kwenye karakana yake ya nyuma, kilenzi chake kimepandishwa kwenye paji la uso, akaegemea uzio na kumtazama jirani yake akihangaika.

"Kijana," alimwambia siku moja, ingawa Rowland alishapita hamsini na saba, "hiyo nyumba unaijenga au unaifuga?"

"Naifuga, mzee. Ikinenepa nitachinja."

Wilf alicheka hadi akakohoa.

Kisha ikaja habari ya pampu ya joto. Ni sanduku la chuma lenye feni, hukaa nje, huvuta joto lililomo hewani hata siku ya baridi, na kulipeleka kwenye mabomba ya maji yaliyozikwa chini ya sakafu. Katika mchoro, sanduku hilo liliwekwa upande wa magharibi, unaotazama malisho ya kondoo. Lakini mtaro wa kupitishia mabomba upande huo uligonga mwamba kabla haujafika kina cha goti. Katapila ilivunja jino. Mwenye katapila alitikisa kichwa, akaipakia kwenye gari lake, akaenda zake. Upande wa mashariki, kwa Wilf, kulikuwa na mtaro wa maji machafu ambao ulikuwa bado wazi. Rowland aliutazama mtaro huo siku tatu. Siku ya nne alimpigia simu fundi wa pampu akamwambia mashine itakaa mashariki.

Fundi huyo aliitwa Imran Sadiq, mtu wa Bradford, mtaratibu, mwenye futi ya kamba na fomu kwenye ubao. Alieleza kwamba kuna kanuni: sauti ya mashine ikifika kwenye dirisha la jirani isizidi desibeli arobaini na mbili. Huhesabiwa umbali, huhesabiwa kuta zinazorudisha sauti, na uzio ulioziba vizuri hupunguza. Lakini dirisha linalohesabiwa ni la chumba anachokaa au kulala mtu.

Imran alielekeza kalamu ng'ambo ya uzio. "Lile dirisha la karibu ni la chumba gani?"

"Karakana," akajibu Rowland. "Anatengeneza saa mle."

"Halali mtu?"

"Halali mtu."

Hakusema uongo. Imran akapima hadi dirisha la jikoni, lililo mbali zaidi, akajumlisha na kutoa, akapata arobaini na moja. Akapiga sahihi. Alipokuwa akikunja futi yake alisema kwamba wamepona kwa upana wa ukucha, na kwamba lau ingekuwa nyumba yake angeivumilia ile kazi ya mwamba na kuipeleka mashine kwa kondoo. Rowland akamjibu kwamba yeye mwamba ule ameshaujua meno yake. Yakaisha.

Mwezi wa Novemba Wilf alipata kiharusi akiwa kwenye ngazi. Alikaa hospitali wiki tatu, akarudi upande wa kushoto umelala na ulimi mzito. Kupanda ghorofani hakuweza tena. Hester akaamua karakana ndiyo iwe chumba chake, kwa kuwa ilikuwa chini na karibu na choo. Rowland mwenyewe ndiye aliyehamisha meza za saa, na yeye ndiye aliyebeba kitanda cha chuma, akakifunga skrubu na kukisogeza chini ya dirisha ili mzee apate mwanga. Hakuwaza lolote. Mashine siku hizo ilikuwa bado haijawashwa.

Iliwashwa wiki ya kwanza ya Desemba. Nyumba mpya ni kama nguo iliyotoka kufuliwa. Sakafu ina maji, plasta ina maji, na yote lazima yatoke taratibu kabla watu hawajahamia. Rowland aliiweka mashine ifanye kazi kwa nguvu zote, mchana na usiku, na walipolala mle kwa mara ya kwanza, kwenye godoro lililowekwa sakafuni, Glenys hakukohoa hadi asubuhi. Rowland alilala akimsikiliza asivyokohoa. Kwake yeye hiyo ndiyo ilikuwa sauti ya mashine ile.

Siku ya tisa Hester alibisha hodi. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, nadhifu, lakini asubuhi hiyo vifungo vya sweta yake vilikuwa vimepishana. Alikataa kukaa. Alisema Wilf halali. Kile chombo kinavuma, kinanyamaza, ukishika usingizi kinaanza tena, na kitanda chenyewe kinatetemeka kidogo. Aliuliza kama kinaweza kupunguzwa, au kuzimwa usiku.

Rowland alikwenda kwenye droo akarudi na ile fomu. Akamwonyesha arobaini na moja, akamwonyesha arobaini na mbili, akamwonyesha sahihi. Aliongea kwa upole kabisa. Alimweleza kwamba ikizimwa sasa sakafu itapasuka, na kwamba baada ya mwezi mmoja au miwili, nyumba ikishakauka, sauti itapungua yenyewe.

Hester aliitazama karatasi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kusomwa. "Hapa wameandika karakana," alisema.

"Wakati ule ilikuwa karakana, Hester."

"Ndiyo. Ilikuwa." Akamrudishia karatasi yake, akashukuru, akaondoka.

Glenys alikuwa amesimama mlangoni na amesikia yote. Alimwambia mumewe kwamba watu hao wamewapa maji miaka miwili. Rowland akamwuliza kama anataka kurudi karavani, akakohoe damu. Hayo yalikuwa maneno makali, na kwa siku kadhaa baadaye walizungumza habari za rangi na vitasa tu.

Aliyelipeleka jambo halmashauri hakuwa Hester, alikuwa mpwa wake wa Whitby. Afisa alikuja na kipimo kwenye miguu mitatu, akakaa nacho chini ya dirisha la Wilf asubuhi nzima, mvua ya theluji ikimnyeshea kofiani. Namba hakuitaja. Alimweleza Rowland kwamba fomu yake ilikuwa halali siku iliyojazwa, na kwa hilo hana kosa. Kama sauti ni kero hata hivyo, hilo ni shauri lingine lenye sheria yake: chombo cha kurekodi kitaachwa ndani kwa siku kadhaa, taarifa itaandikwa, barua itafuata. Kwa jinsi kazi zilivyorundikana, labda mwisho wa Februari.

Rowland alihisi mzigo ukimshuka. Akamkaribisha afisa chai. Afisa akasema hapana, asante, kisha akasimama kidogo langoni. "Mimi hupima sauti tu," alisema. "Lakini umeshaingia mle ndani ukaisikia?"

Hakuwa ameingia. Tangu abebe kile kitanda alikuwa akimwulizia Wilf juu ya uzio tu.

Alikwenda alasiri hiyo hiyo, amechukua keki ya tangawizi aliyooka Glenys. Hester alimfungulia na kumwacha apite peke yake. Chumba bado kilinuka mafuta ya saa. Wilf alikuwa amelazwa ubavu, uso ukitazama dirisha, amekonda hadi masikio yanaonekana makubwa. Rowland alivuta kiti, akashika chuma cha kitanda ili akae, na hapo akausikia mvumo kwa mkono kabla hajausikia kwa sikio. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa mdogo, mzito, usio na mwisho, umejaa chumbani kama maji yanavyojaa kwenye ndoo, kwa sababu kuta mbili za nyumba aliyoijenga mwenyewe zilikutana pembeni pale na kuusukuma wote upande huu. Ukakatika ghafla. Rowland akajikuta anangoja. Ukaanza tena.

Wilf alimtambua. Mdomo wake ulifanya kazi kwa muda kabla maneno hayajatoka.

"Kijana. Imenenepa?"

"Bado kidogo, mzee."

Kisha Wilf akasema, polepole, neno moja moja, "Nadhani ni gari. Liko nje. Halijazima injini. Linanisubiri mimi." Akavuta pumzi. "Kila likinguruma nataka kuwaambia, ngojeni. Sijavaa viatu."

Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Rowland aliweka keki juu ya kabati, akatoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka uzio, akazima mashine kwenye swichi yake kubwa. Kimya kilichofuata kilimwumiza masikio.

Usiku huo walirudi karavani bila kujadiliana. Glenys alikunja godoro mwenyewe. Imran alisema kwa simu kwamba anaweza kuja kuihamisha mashine ndani ya siku mbili, ila mtaro wa magharibi uwe umeshachimbwa. Kutafuta mashine ya kuvunjia mwamba kulikuwa rahisi. Lakini mashine hiyo hupiga kelele inayosikika kijiji kizima, na Rowland asingeileta pale hata kwa kulazimishwa. Alichukua tindo na nyundo, akafunga tambara kwenye kichwa cha tindo, akaingia mtaroni kwa magoti.

Mwamba ule ulitoka kwa vipande vya ukubwa wa sabuni. Siku ya kwanza alisogea kwa urefu wa mkono. Barafu ilishika, ndani ya nyumba sakafu na kuta zikaanza kuonyesha nyufa nyembamba, na kuvu nyeusi ikatambaa kwenye pembe za chumba ambacho alikuwa amekiona kimekauka. Glenys alikohoa karavani. Alipomletea chai mtaroni alichuchumaa ukingoni, akamfuta mumewe vumbi machoni kwa leso.

"Utamaliza?" aliuliza.

"Nitamaliza."

"Hester anasema jana amelala saa tano mfululizo."

Hiyo ndiyo habari njema pekee waliyoipata majira hayo. Siku ya kumi na moja, mchana, Rowland alikuwa amebakiza hatua tatu kufika ukutani. Alisikia hatua juu ya changarawe, akainua kichwa. Hester alikuwa amesimama, koti la Wilf mabegani.

"Unaweza kuiwasha sasa, Rowland," alisema. "Glenys asiendelee kukaa kwenye baridi."

Alichelewa kuelewa. Alipoelewa alijaribu kutoka mtaroni, lakini miguu ilikuwa imekufa ganzi, na hadi anasimama wima Hester alikuwa ameshageuka kurudi kwake. Hakuiwasha. Alimaliza zile hatua tatu siku ya pili na ya tatu, na Imran akaja, akaihamisha mashine upande wa kondoo bila kuuliza kwa nini mwenye nyumba ana vidole vilivyofungwa vitambaa vyote kumi.

Wilf alizikwa siku ya theluji. Mwezi wa Machi mkaguzi wa mwisho alikuja, akapita chumba kwa chumba, akatoa hati ya kukamilika. Hester alialikwa chakula cha kwanza katika nyumba hiyo. Alikuja, akala pai ya nyama, akasifu madirisha, akauliza habari za kikohozi cha Glenys, ambacho daktari alikuwa amekipa jina refu na dawa ya kuvuta. Habari ya mashine haikutajwa na yeyote. Rowland alingoja nafasi jioni nzima, na kila nafasi ilipotokea alimwongezea mgeni viazi.

Mei, mpwa wa Hester alikuja kumchukua akaishi naye Whitby. Rowland alibeba masanduku, kabati, na meza moja ya saa ambayo Hester hakutaka kuiuza. Kitanda cha chuma aliambiwa akiache. Walipokuwa wawili tu kando ya gari, alivua kofia.

"Hester, ile karatasi niliyokuonyesha..."

"Hilo boksi la vyombo lisiwe chini ya meza," Hester alisema. "Litavunjika."

Alilitoa, akaliweka juu. Hester akaingia garini, akajifunga mkanda, akampa mkono kupitia dirishani kama anavyopewa mkono jirani yeyote. Gari likashuka kilima. Rowland alibaki langoni kwa Hester hadi Glenys alipomwita, kisha akaingia nyumbani kwake, akachanganya ndoo ndogo ya plasta na kuanza kuziba nyufa za ukutani, moja baada ya nyingine, kuanzia chini.